Msimhamishe Lugha Mtoto Mwenye Akili

Ikifika miezi ya mwisho wa mwaka, shule za mchepuo wa Kiingereza huanza kuuza fomu na kufanya usaili, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma mazungumzo huwa yale yale. Mtoto yuko darasa la tatu katika shule ya serikali. Anasoma vizuri, anamaliza hesabu kabla ya wenzake, na mwalimu amemwita mama yake pembeni akamwambia kwa nia njema kabisa: "Mama, huyu mtoto ana akili. Mkipata uwezo mtoeni hapa, asije akapotea." Shangazi naye anaongeza lake, kwamba Kayumba, yaani shule ya serikali, si mahali pa mtoto kama huyo. Baba, ambaye hana hakika kama ataiweza ada ya milioni mbili kwa mwaka, anaanza kupiga hesabu ya mkopo wa SACCOS.

Imani inayowasukuma wote hawa ni moja: mtoto akionyesha akili, kitu cha kwanza cha kumpa ni Kiingereza. Afundishwe kila somo kwa Kiingereza, mapema iwezekanavyo, na Kiswahili kibaki cha kuongea na bibi. Mimi nasema imani hii si kweli. Inawaumiza watoto wale wale inaodai kuwaokoa, na wazazi waungwana wanaigharamia kwa fedha ambayo ingefanya kazi kubwa zaidi mahali pengine.

Tutazame kwanza mtoto mwenye akili anahitaji nini. Wamarekani wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut alichapisha mwaka 1977 mfumo wake wa kuwafundisha watoto wa namna hii, nao una hatua tatu. Kwanza mtoto afunguliwe mada nyingi zisizomo katika mtaala. Kisha afundishwe mbinu za kufikiri na za kuchunguza. Halafu aachiwe achague tatizo la kweli, alichunguze mwenyewe, na alichokipata akiwasilishe kwa watu wanaokihitaji, si kwa mwalimu peke yake. Katika Chuo cha William and Mary, jimboni Virginia, Joyce VanTassel-Baska na wenzake walitunga masomo ya lugha kwa watoto wa msingi waliowatangulia wenzao: hadithi na mashairi mazito kuliko ya darasa lao, mjadala, uandishi wa hoja, utafiti mdogo. Mzazi wa kule anapopima kama mwanawe wa darasa la nne aingizwe katika darasa la Kiingereza cha juu, anachopima ni hicho: kusoma kwa kina na kuandika kwa kina, katika lugha ambayo wengi wa watoto hao wameisikia tangu wako tumboni.

Sisi tumeichukua lugha ya Wamarekani, kazi yao tumeiacha huko huko. Mtoto wa Temeke anayefikiri, kuota na kugombana kwa Kiswahili, darasa linalolingana na lile la Virginia ni lile litakalompa "Mzimu wa Watu wa Kale" wa Mohamed Said Abdulla aumize kichwa pamoja na mpelelezi Bwana Msa, kisha limtake aandike kurasa mbili akitetea ni ushahidi gani ulimshawishi na upi ulimpotosha. Ni lile litakalompa "Kusadikika" ya Shaaban Robert na kumuuliza kwa nini mwandishi wa mwaka 1951 aliamua kuisema serikali kwa kubuni nchi isiyokuwapo. Huo ndio mzigo unaomfaa mtoto anayemaliza hesabu kabla ya wenzake. Badala yake tunampeleka mahali ambapo atatumia miaka mitatu akijifunza kusema kwa Kiingereza mambo aliyokwisha kuyajua kwa Kiswahili, na tunaita hayo maendeleo.

Mwaka jana nilikaa na binti wa darasa la tano ambaye wazazi wake walimhamisha kutoka shule ya serikali kwa sababu alikuwa akishika nafasi ya kwanza kila mtihani. Daftari lake la sayansi lilikuwa safi, mwandiko umenyooka, vema za kalamu nyekundu kila ukurasa. Nilimuuliza mimea inatengenezaje chakula chake. Akaitoa fasili nzima kwa Kiingereza, kwa pumzi moja, bila kukosea hata herufi. Nikamuuliza kwa Kiswahili: yale maharage mnayootesha kwenye kopo, ukilisukuma kopo chini ya kitanda ukaliacha wiki mbili, utakuta nini? Akanyamaza. Akaniambia hawajafika huko. Tukaendelea kuongea, nikimuuliza kidogo kidogo, naye akaanza kukumbuka majani yaliyofunikwa na turubai nyuma ya nyumba yao, yalivyogeuka manjano. Haikupita robo saa akawa amelifikia jibu mwenyewe. Kisha akarudi kwenye daftari, akaweka kidole juu ya ile fasili, akasema: "Kumbe ndiyo maana wameweka jua hapa."

Kila neno katika sentensi ile alikuwa akilijua. Hakuna mtu aliyewahi kumtaka ayaunganishe. Akili ya binti yule iko timamu, na kali, ila shuleni kwake haipewi kazi, kwa sababu kazi yote imechukuliwa na kukariri. Wazazi wake wanalisikia lile tiririko la Kiingereza sebuleni mbele ya wageni na wanaamini wameona elimu.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alieleza tangu mwaka 1979 jambo ambalo kila mzazi anayejaza fomu ya usaili angepaswa kuelezwa. Lugha ya kuongea na ile ya kusomea ni vitu viwili. Mtoto anaweza kuipata ya kuongea kwa mwaka mmoja au miwili, akacheza, akatania na kuomba ruhusa kwenda chooni. Ile ya kupima hoja, kulinganisha na kueleza sababu huchukua miaka mingi zaidi, na hujengwa juu ya uwezo ambao mtoto amekwisha kuujenga katika lugha ya kwanza. Aliyejifunza kupembua habari kwa Kiswahili haanzi upya akifika kwenye Kiingereza, anahamisha ujuzi. Asiyejifunza kupembua kwa lugha yoyote hana cha kuhamisha.

Watu huniambia hayo ni ya Kanada. Haya, twende Nigeria. Mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza mradi huko Ife. Watoto wa madarasa ya majaribio walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote 6 ya msingi, na Kiingereza wakakipata kama somo, kutoka kwa mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo tu. Wenzao walifuata utaratibu wa kawaida, wakabadilishiwa lugha ya kufundishiwa baada ya miaka 3. Mwishoni waliokuwa mbele ni wale wa Kiyoruba, na hata katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa. Hapa kwetu Zanzibar, utafiti ulioongozwa na Pauline Rea-Dickins wa Chuo Kikuu cha Bristol ulionyesha wanafunzi wakishindwa kujibu kwa Kiingereza maswali ambayo walipoulizwa kwa Kiswahili waliyajibu. Ujuzi walikuwa nao. Mtihani haukuuona.

Hapo ndipo huletwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aanze mapema, ulimi bado laini. Kwa lafudhi nakubali, mtoto mdogo anayezungukwa na wasemaji wa lugha siku nzima ataipata kama wao. Lakini darasani, kwa vipindi vichache vya wiki, hali hugeuka. Huko Barcelona, mtafiti Carmen Muñoz na wenzake waliwafuatilia wanafunzi walioanza kusoma Kiingereza wakiwa na miaka 8 na wale walioanza na miaka 11, wakawalinganisha baada ya saa sawa za masomo. Walioanza wakubwa ndio waliokuwa mbele. Sababu haina siri: mtoto wa miaka 11 amekwisha kujua kusoma, anajua kanuni ni nini, anaweza kujifunza kwa makusudi. Kwa hiyo mzazi ambaye hakumpeleka mwanawe kwenye Kiingereza akiwa na miaka minne hajapitwa na gari lolote.

Najua hoja itakayofuata, kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: tazama matokeo. Kwa miaka mingi, kabla Baraza la Mitihani halijaacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora, orodha za darasa la saba zilijaa majina ya shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza. Ni kweli zilijaa. Ila ziangalie shule hizo zina nini. Darasa la watoto 30 au 40, si 120. Kila mtoto na kitabu chake. Uji wa saa nne na chakula cha mchana. Mwalimu anayejua kwamba asipoingia darasani mwenye shule atamwita ofisini. Wazazi waliosoma, wenye umeme na meza ya kuandikia nyumbani. Usaili unaochuja mlangoni, na katika shule nyingi mchujo mwingine darasa la tano au la sita, ambapo mtoto asiyefikisha wastani hukaririshwa au huombwa atafute shule nyingine kabla hajalichafua jina la shule kwenye mtihani wa taifa. Wape watoto wa Mbagala mambo hayo yote kwa Kiswahili, kisha tuje tulinganishe. Kuyavuna matunda ya uji, vitabu na darasa dogo halafu sifa zote kuipa lugha ya kufundishia ni kuwadanganya wazazi wanaohangaika.

Wengine huleta mfano wa watoto wa Kanada waliofundishwa kwa Kifaransa tangu chekechea, katika jaribio lililoanza mwaka 1965 huko St. Lambert, karibu na Montreal. Lilifanikiwa, na sifa zake ni halali. Lakini walimu wake walikuwa wasemaji wa Kifaransa tangu kuzaliwa, na watoto walikuwa wa Kiingereza, lugha iliyowazunguka nyumbani, barabarani na kwenye vitabu vyote vya bara zima, wala hakuna aliyewavua lugha hiyo. Sasa nenda shule ya ada ya milioni moja na nusu pembezoni mwa jiji. Mwalimu wa darasa la pili amesoma katika mfumo ule ule tunaoulalamikia, Kiingereza chake ni cha kutosha kuelekeza ukurasa na kuuliza "mmeelewa?". Akitaka kueleza kwa nini maji hupanda kwenye shina la mti, hana maneno. Akiyatumia ya Kiswahili, anavunja sheria ya shule. Anachobaki nacho ni kuandika ubaoni na kuwaamuru wanakili. Namsikitikia mwalimu yule kuliko ninavyomlaumu. Casmir Rubagumya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizichunguza shule hizi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuziita soko jipya la lugha. Soko huuza kinachoonekana, na kinachoonekana upesi kwa mzazi ni mtoto kusema Kiingereza.

Halafu kuna adhabu. Katika baadhi ya shule hizi mtoto akikutwa anaongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake na kumtwika. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia kitu cha namna hii katika Kenya ya mkoloni, na sisi tunakilipia ada mwaka huu. Fikiria nani anayeumizwa kwanza na sheria hiyo. Mtoto mzito wa kusema ananyamaza tu kama kawaida yake. Mwenye akili nyepesi, yule mwenye maswali, anayetaka kumweleza jirani yake alichokigundua sasa hivi, huyo ndiye hukamatwa. Baada ya muhula mmoja amejifunza kwamba wazo linalomjia kwa haraka ni hatari kulitamka. Mnalipa milioni mbili mtoto wenu mwenye maswali afundishwe kunyamaza.

Na akifika nyumbani? Mama aliyeishia darasa la saba alikuwa akikaa naye kwenye mkeka wakisoma pamoja; sasa kazi za nyumbani zinakuja kwa lugha asiyoiweza, anaona haya, anaajiri mtu wa twisheni. Bibi mwenye hadithi na vitendawili vya kumfunza mtoto kufikiri kwa mafumbo anaambiwa ampunguzie Kiswahili. Mmoja mmoja, watu wazima waliokuwa walimu wake wa kwanza wanaondolewa kazini.

Sasa nifike kwenye kidato cha kwanza, maana hapo hofu ya mzazi ni ya haki na sitaidharau. Mtoto anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha Januari moja anaingia sekondari na karibu kila kitu, fizikia, jiografia, kinageuka Kiingereza. Ni ukatili, na serikali zetu zimeujua kwa zaidi ya miaka 40. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili. Serikali ikalikataa pendekezo hilo mwaka uliofuata. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, waliokuja kukagua hali ya Kiingereza mashuleni, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kusomea. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulipeleka sekondari vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa kwa ngazi, ili wanafunzi wasome kwa wingi. Waingereza wenyewe walipotaka kukiinua Kiingereza walianzia kwenye kusoma.

Kwa hiyo mtoto avukishwe vipi daraja lile bovu? Kwa kuwa msomaji hodari wa Kiswahili na kwa kufundishwa Kiingereza vizuri kama somo. Kila mwaka shule za vipaji maalum, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, hupokea watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, na wengi wao hufika kidato cha nne wakisoma na kuandika Kiingereza bila woga. Martha Qorro, aliyefundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika pamoja na Zaline Roy-Campbell kitabu kizima juu ya mgogoro huu mwaka 1997, amekuwa akisema miaka yote hiyo kwamba kufundishia kwa Kiingereza si kukifundisha Kiingereza. Anayesema hivyo ni mwalimu wa Kiingereza. Hakitaki kife, na mimi pia sitaki. Nataka mtoto wa Kigoma akisome Kiingereza mpaka akimudu, na ili akimudu apewe mwalimu anayekijua, kitabu cha ngazi yake, na nusu saa ya kukisoma kila siku, huku sayansi na hesabu zake zikienda katika lugha anayoweza kuulizia.

Mzazi mwenye mtoto wa aina hii, kabla ya kuweka saini kwenye mkopo, tembelea duka la vitabu. Hadithi ya Kiswahili ya mtoto huuzwa shilingi elfu chache. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kuchapisha na kusambaza vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya shule zetu; wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D wana vyao; yuko Edwin Semzaba na "Marimba ya Majaliwa", yuko Ken Walibora na "Siku Njema" kwa anayekaribia kumaliza msingi. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare mara mbili, "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi", na mtoto wa darasa la saba mwenye akili anaweza kupambana na Shailoki wa Venisi kwa Kiswahili leo, miaka kadhaa kabla ya kukutana naye kwa Kiingereza. Ada ya muhula mmoja inajaza rafu nzima ya vitabu hivi na vya Kiingereza chepesi pamoja navyo. Inabaki na ya kumlipa mwalimu mzuri wa Kiingereza, kijana aliyehitimu anayekaa mtaani kwenu bila ajira, aje Jumamosi asome na mwanao na watoto wengine wanne wa jirani.

Nilichokiacha mwisho ndicho kinachoniuma zaidi. Wazazi wenye sauti, wale ambao mkuu wa shule akiwaona anasimama, walipowahamisha watoto wao waliondoka na sauti zao. Shule ya serikali ikabaki na mama muuza maandazi ambaye mwanawe naye ana akili, tena pengine kuliko wa kwako, ila hana wa kuulizia kwa nini mwalimu wa Kiingereza ni yule yule wa hesabu na stadi za kazi, kwa nini maktaba ni kabati lililofungwa kufuli na ufunguo uko kwa mtu aliyehamishwa. Watoto wa darasa la saba wanaoshindwa kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili, ambao tathmini za mpango wa Uwezo zilitutangazia mwaka baada ya mwaka, ni matunda ya ukimya huo pia. Kamati ya shule ina wajumbe wanaochaguliwa na wazazi, na mikutano yake hufanyika saa za kazi na kuhudhuriwa na wachache. Mzazi wa mtoto mwenye akili aingie humo. Adai mwalimu mmoja wa Kiingereza asiyefundisha kitu kingine, adai kufuli la kabati lile livunjwe wiki hii, na adai kipindi kimoja kila siku ambacho shule nzima, pamoja na mwalimu mkuu, inakaa na kusoma.